Sauti Nane, Maikrofoni Moja

Nilirudisha funguo za studio wiki tatu zilizopita. Ninyi vijana mlioachiwa hizo funguo mliniomba niandike niliyojifunza, na nimeanza mara mbili nikajikuta naandika habari za vyeo, nikachana karatasi. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu nianze hadi nimalize, fundi wa sauti, na mshahara mnaujua kwa maana ndio mnaolipwa ninyi sasa. Poleni sana. Nitaandika yale yaliyonishangaza. Mimi ni mdadisi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata sufuria ikianguka jikoni, mimi huuliza kwanza kama ilikuwa na maji au ilikuwa tupu.

Siku ya kwanza nilivaa nguo ya kanisani, nikidhani nitakalishwa mbele ya mitambo. Mzee Pritam, mwenye studio, alikuwa Kalasinga aliyezaliwa hapa hapa Nakuru, fundi wa redio kwanza na mambo mengine baadaye. Familia yake iliuza blanketi na magodoro chini, sisi tulikuwa orofani, na kuta zetu zilivikwa blanketi ambazo wateja walizikataa kwa sababu zimeliwa na nondo. Watu walituuliza kwa nini hatubandiki trei za mayai kama studio zingine. "Trei ya mayai ni ya mayai," Mzee Pritam alijibu, na mazungumzo yaliishia hapo.

Hakunionyesha kifungo hata kimoja. Alinipa kipande cha chaki, akaniambia nizunguke chumba nikipiga makofi, na mahali kofi litakapolia vibaya nichore msalaba sakafuni.

"Vibaya ni vipi?" nikauliza.

"Utajua," akasema, akaenda kunywa chai.

Nilipiga makofi hadi saa kumi. Watu wa dukani walipanda ngazi kuuliza kama tumefungua kanisa. Mwisho wa kazi viganja vilikuwa vinawaka, sakafu imejaa misalaba, na kweli nilikuwa nimejua. Katikati ya chumba kofi lililia kavu na safi, kwenye kona lilivuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Somo la Mzee Pritam lilikuwa hilo moja, na alilirudia mpaka siku aliyohamia kwa wanawe ng'ambo. Mwimbaji akisikika vibaya usikimbilie mtambo, msogeze mwimbaji.

Kifaa chake cha thamani kilikuwa maikrofoni kubwa ya zamani iliyosikia pande zote, si mbele peke yake. Aliiita Bibi, akaitunza ndani ya shali ya mtoto. Kwaya ikija, Bibi alisimama katikati, watu wakamzunguka. Mwenye sauti kubwa akarudi hatua mbili, mwenye sauti ndogo akakaribia, na kila mmoja nikamchorea duara la chaki pa kusimama. Kwaya nyingi zilipita hapo, na matangazo ya dawa ya ng'ombe, na mhubiri mmoja aliyetaka nimwongezee "amina" kwenye mahubiri yake kwa sababu waumini siku hiyo walikuwa baridi. Nilimwongezea. Mungu atanisamehe, sauti zilikuwa za kwaya ya dhehebu lingine.

Sasa nije kwa albamu mnayoniuliza kila mara.

Mwaka wa 2007 tulikuwa na kompyuta tayari, na Mzee Pritam alishahama akiniachia kazi. Mvua ndefu zilikuwa zinaisha alipoingia msichana mwembamba, gambuti miguuni, gitaa limefungwa kwa leso. Aliitwa Zipporah, ila hakuna aliyemaliza jina hilo, alikuwa Zippy.

"Sasa mathe. Nimeskia mnarekodi watu hapa."

"Tunarekodi kwaya, matangazo na watu wa harusi. Wewe ni nani kati ya hao?"

"Mimi ni wa kelele," akasema, na akafungua leso.

Gitaa lilikuwa na nyuzi sita, moja yao ni waya wa breki ya baiskeli. Alipiga kodi tatu tu, mikao mitatu ya vidole kwenye nyuzi, kwa kasi ya mtu aliyeachwa na basi, akikanyaga sakafu kwa gambuti na kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Lakini chini ya ile kelele niliutambua wimbo wa kina nyanya, wa kupura mahindi, umevalishwa maneno mengine. Maneno yalihusu dawa ambayo maua hunyunyiziwa kabla wafanyakazi hawajatoka, na mheshimiwa anayekumbuka njia ya Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa maua kule Naivasha, kila baada ya miaka mitano. Baadaye kijana mmoja wa kuuza kanda aliniambia ng'ambo muziki wa namna hiyo una jina, unaitwa panki. Nilimuuliza Zippy kama analijua hilo neno. Akasema yeye analijua panga tu.

Nilimwambia apunguze mwendo ili maneno yasikike. Akajaribu, wimbo ukafa hapo hapo, tukautazama. Nikamuuliza kwa nini anaimba mbio hivyo. Aliweka gitaa chini, akanionyesha kwa mikono: shika ua, pima shina, kata, weka, shika ua. Alifanya kazi ya kupanga waridi kwa urefu kwenye shamba moja la Naivasha, na nyimbo alizitunga mezani pale, kwa mwendo wa mikono. "Nikiimba polepole nachelewa," akasema. "Supavaisa anakuja." Miaka yote ile nilikuwa nimewafundisha watu mwendo kwa mlio wa saa, na sikuwahi kufikiri kwamba mwendo unaweza kuwa umekaa mikononi mwa mtu. Nilileta ubao wa kreti ya maua, nikamsimamisha juu yake, nikauwekea maikrofoni yake. Ngoma mnayoisikia kwenye albamu ile ni gambuti ya kushoto.

Kulikuwa na wimbo mmoja uliotusumbua, "Laini", yaani foleni. Zippy aliuimba hivi:

Tulipanga laini ya kazi,
tukapanga laini ya maji,
sasa tunapanga laini ya kura,
nani yuko mbele?

Peke yake haukusimama. Alisema kule nyumbani huwa hauimbwi na mtu mmoja, basi Jumapili moja nikaenda Karagita kujisikilizia. Ni vyumba vya kukodi vilivyopangwa mstari, mlango kwa mlango, na bomba moja la maji ambalo hufunguliwa likitaka. Watu walikuwa wamepanga madumu wakisubiri, na walipoona Zippy amekuja na mgeni, wakaanza "Laini" wenyewe. Walikuwa wanane, wote watu wa maua, kutoka kila pembe ya nchi. Zippy aliimba maswali, wao wakajibu kwa kiitikio, "Sogea, sogea, nani yuko mbele?" Nilisahau hata kuketi.

Wawili kati yao niwataje. Consolata alikuwa jirani wa Zippy, ukuta wao mmoja, mama wa mtoto wa miaka minne, na sauti yake nyembamba ilipanda juu ya wengine wote. Festo alipakia maboksi ya maua kwenye malori, mwanamume mpana, mpole, na besi yake niliihisi kwenye kifua changu kabla sijaisikia. Ndiye aliyemtengenezea Zippy gitaa kwa waya wa breki. "Uzi wa dukani hukatika," aliniambia. "Breki haikatiki, labda baiskeli yenyewe ikufe."

Walikuja Nakuru siku yao ya mapumziko, mwezi wa Novemba. Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo ninyi hamngelifanya. Kompyuta ingeniruhusu kumrekodi kila mtu peke yake, sauti nane mahali nane. Nilikataa kwa kiburi cha mwanafunzi wa Mzee Pritam. Nilimtoa Bibi kwenye shali, nikachora maduara manane, nikawapanga wamzunguke. Consolata alikuwa anakosa noti yake kila mara. Nilimsogeza huku, nikamsogeza kule, mwishowe akainua mkono.

"Mama, niweke karibu na Festo. Nikimskia huyo ndio najua mimi niko wapi."

Nikawaweka bega kwa bega. Kwa mara ya tatu kila kitu kilikaa. Besi ya Festo ilianza, sauti ya Consolata ikaja nyuma yake kidogo, ikapapasa, ikapata mahali pake, ikapaa. Nilifurahi hadi machozi, na mimi si mtu wa machozi kazini. Krismasi ilipokaribia nilimpa kila mmoja nakala ya wimbo huo akasikilize nyumbani.

Zippy alitaka albamu itoke kabla ya kura. Mimi ndiye niliyeichelewesha. Ule waya wa breki ulikuwa unavuma kwenye wimbo wa nne, nami nikasema siwezi kutoa kazi yenye mvumo, nipewe wiki tatu. Kura ikapigwa Desemba, matokeo yakagombaniwa, na mnajua ghasia zilizofuata hata kama mlikuwa wadogo. Mwisho wa Januari zilifika Nakuru na Naivasha, jirani akimgeukia jirani. Mtataka niwaambie Zippy alikuwa kabila gani na Festo kabila gani. Siwaambii. Watu wamejua hayo miaka yote na sijaona yakimsaidia mtu.

Zippy alikuja mwezi wa Machi, kutoka kwenye mahema ya waliofukuzwa makwao, amevaa viatu vya mtu mwingine. Nilimpa chai, akaishika bila kuinywa, akanieleza. Kundi la vijana wenye rungu na petroli liliingia kwenye ploti yao ya vyumba asubuhi. Lilikuwa la wageni, halikujua nani anaishi wapi. Festo alikuwa nalo, akilionyesha milango. Hii, hii, ruka hiyo. Alionyesha mlango wa Consolata, kisha wa Zippy. Zippy aliruka ukuta wa vyoo. Consolata alikimbia upande wa pili na mtoto mgongoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona wala simu yake kupatikana.

"Bado nataka albamu itoke, mathe," akasema. "Lakini umtoe. Sitaki hiyo sauti kwa wimbo yangu."

"Nitajaribu," nikasema. Ningemwambia nini? Maji yakimwagika hayazoleki, lakini huwezi kumwambia hivyo mtu aliyetoka kuruka ukuta.

Nilijaribu wiki mbili, na sitaficha kwamba nyakati zingine udadisi ulinizidi huruma. Nilitaka kujua sauti ya mtu inakaa wapi hasa ndani ya sauti za wengine. Nilikata besi yote. Festo akawa mnong'ono, lakini wengine nao wakakonda wakasikika kama redio ya jirani. Nilikata kidogo hapa, nikainua kidogo pale. Kila nilipomfukuza Festo, Consolata aliondoka naye, kwa maana walisimama bega kwa bega na Bibi aliwasikia kama kitu kimoja. Nikamwita Zippy aimbe kiitikio mwenyewe mara nane. Ilisikika kama mtu anayegombana na nafsi yake bafuni, hata yeye akacheka kidogo. Kuwakusanya wale wanane upya hakukuwezekana. Wawili walirudi makwao magharibi, mmoja aliapa hatakanyaga Karagita tena, na Consolata hajulikani alipo.

Nikamwambia ukweli. "Nikimtoa Festo, namtoa na Consolata. Ama wabaki wote, ama kiitikio chote kitoke."

"Ungetoa hii kitu Desemba," akasema, "ingekuwa imetoka tu."

Majuto ni mjukuu. Akasema atafikiria, akarudi kwenye mahema.

Siku chache baadaye, mchana, nikasikia mtu anapanda ngazi polepole. Alikuwa Festo. Sitajifanya shujaa, mkono wangu ulienda kwenye simu. Alisimama mlangoni, kofia mikononi, amekonda.

"Madam, habari ya siku nyingi."

"Unataka nini?"

"Nimekuja kuomba unitoe kwa ile wimbo."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, hilo halikuwamo. Nikamuuliza sababu. Kwanza akasema watu wake wanamcheka, kwamba aliimba na wale wa makabila mengine. Mwimbaji akidanganya, fundi husikia, na njia bora ni kungoja arudie. Akageuza kofia mara mbili.

"Kuna jamaa alipata ile nakala, anaipiga kwa kioski kila siku. Napita pale nikienda kazi. Naskia nikiuliza nani yuko mbele." Akatazama sakafu. "Siku ile mbele nilikuwa mimi. Walisema kama sionyeshi watachoma kwangu kwanza. Nikaonyesha. Sijui kama wangechoma kweli. Sikungoja kujua."

Nilikasirika na nilimwonea huruma, vyote pamoja, na sikupenda kuvihisi pamoja. Nikamwambia sijui kumtoa. Hakuamini, basi nikamwekea wimbo asikie mwenyewe. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kiitikio kilipofika, besi yake ikaanza, ile sauti nyembamba ikaja nyuma ikipapasa, naye akainua kidole.

"Hapo ananitafuta," akasema.

Nikazima.

"Amepatikana?" akauliza.

"Wewe ndiye wa kuniambia."

Akatikisa kichwa, akavaa kofia, akashuka ngazi. Sikumwona tena.

Zippy alipokuja Jumamosi nilifikiri nimfiche. Kisha nikaona nimeshamchelewesha mara moja, inatosha. Nikamweleza yote, neno kwa neno, hata lile la kidole. Nilitegemea machozi au matusi, nikaweka leso karibu.

"Anataka kutoka?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Amekuja mpaka hapa, amepanda ngazi, kuomba atoke?"

"Ndiyo."

Alienda dirishani, akatazama barabara kwa muda. Chini watu walikuwa wanapakia magodoro kwenye mkokoteni. Aliporudi alikuwa ametulia kabisa, na utulivu wake ulinitisha kuliko kelele zake zote.

"Basi abaki," akasema. "Weka wimbo."

Aliusikiliza wote, kwa mara ya kwanza tangu Januari, amefumba macho, mguu wa kushoto ukikanyaga bila yeye kujua. Kwenye kiitikio uso wake ulikunjamana, nikanyoosha mkono nizime, akaushika. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara nne. Mara ya nne aliimba jina la Consolata chini chini pale sauti nyembamba ilipopaa, kisha akafungua macho akaniambia nichukue kalamu na karatasi, niandike majina ya waimbaji kwa ajili ya jalada.

Nikaandika alivyotaja. Consolata. Mama Shiko. Rehema. Oti. Dadake Rehema, ambaye hata Zippy hakumjua kwa jina lingine. Baba Kevo. Jeni. Yalikuwa majina ya kuitana bombani, asubuhi, dumu mkononi.

Nikaandika "Festo" mwenyewe kabla hajafungua mdomo, nikifikiri namsaidia.

"La," akasema. "Futa hiyo."

Nikafuta. Akavuta pumzi, akanitajia majina yote matatu ya Festo, polepole, moja moja, kama yalivyo kwenye kitambulisho na kama karani wa mahakama anavyosoma ya mshtakiwa, akangoja nimalize kila moja ndipo ataje linalofuata.